Usukani wa Kidole Kimoja

Kama ukurasa wangu wa gazeti wa wiki jana ulifungiwa sukari dukani kabla hujausoma, usisikitike. Shida zangu hazina haraka. Zinakuja kila wiki na yake, na hakuna hata moja iliyowahi kupotea njia.

Kwa waliochelewa: mimi naitwa Nicholas Wesonga, mtu wa Mundika, na kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu forodhani hapa Malaba. Nina mke, Apolot, binti wa Kiteso kutoka Amukura. Nina gari pia, Benzi kuukuu la rangi ya maziwa. Kabla ya mavuno Apolot alikwenda kwao kumuuguza mama yake magoti. Alisema ni wiki moja. Watu wamevuna, wamekula, wamepanda tena, na mimi bado najipikia ugali wenye mabonge.

Niliishia pale Mzee Ikapel, baba mkwe wangu, aliponiita kando akanipa sharti. Dada mkubwa wa Apolot, aliyeolewa hapa Malaba, amejifungua, na bibi wa mtoto, yaani mama mkwe wangu, hajamwona mjukuu. Nimchukue Jumamosi kwa Benzi langu, nimfikishe salama na nimrudishe salama. Nikifanya hivyo, jioni ile ile Apolot atapanda gari na sanduku lake twende kwetu.

Nikauliza, na nikishindwa? Mzee akasema mtu mwenye gari kama lile hawezi kushindwa. Alisema hivyo akitabasamu, nami nikachukulia kwamba ananisifu.

Msomaji wa mbali atauliza ugumu wa kumbeba mama mkwe uko wapi. Ugumu ni kwamba mimi na mama mkwe hatuonani. Si ugomvi, ni heshima. Kwa Wateso ni hivyo, na kwetu Waluhya ni hivyo. Nikisikia anakuja njiani, naingia kwenye mtama. Akinisikia mimi, anaingia ndani na mlango unafungwa. Simsemeshi, wala yeye hanisemeshi. Jina lake silitaji, na hata hapa gazetini sitalitaja. Kwa miaka yote hii amenijua kwa viatu vyangu tu, ambavyo huviona chini ya mlango, na naambiwa huvisifu.

Apolot ndiye aliyepata njia. Alitundika shuka nzito nyuma ya viti vya mbele, kutoka dari mpaka sakafu. Kioo cha kutazamia nyuma akakigeuza kitazame paa. Mama aliingizwa kiti cha nyuma mimi nikiwa nimejificha nyuma ya nyumba ya mzee, na kaka yake Apolot, Ojakol, akakaa mbele pamoja nami ili awe mdomo wetu. Neno langu lingepita kwake kwenda kwa mama, na la mama lingepita kwake kuja kwangu.

Alipomaliza kufunga shuka, Apolot alinisogelea.

"Wesonga, leo endesha kama watu wengine," akasema. "Shika na mikono miwili."

Nikacheka. Hapo sina budi kuwaeleza habari ya kidole.

Benzi hili lilikuwa la mwenye duka la vitambaa kule Tororo. Mwaka ule wa sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa Uganda, alivuka mpaka na jamaa yake akielekea Mombasa kupanda meli, nami ndiye niliyemtolea masanduku. Gari hakuwa na pa kulipeleka, akaniachia kwa bei ya kutupa. Usukani wake una mashine ya mafuta inayousukuma. Dereva wa lori hapa Malaba akikata kona hunyanyuka kitini na jasho likamtoka. Mimi nilikata kona ile ile kwa kidole cha shahada, kiwiko dirishani, natazama watu wakinitazama. Forodhani kote wakaniita Kidole Kimoja. Nililipenda jina hilo kuliko nililobatiziwa.

Siku ya kuagana, yule mzee wa Tororo alifungua boneti akanionyesha kikopo kando ya injini, kifuniko chake kimebanwa kwa nati ya masikio. Akasema kila mwezi nikifungue nitazame, injini ikiwa na moto. Yakipungua niongeze mafuta mekundu, mekundu tu, kwa sababu yale ya breki yatakula mipira. Na yakikauka nisiendeshe, mashine itajitafuna yenyewe. Akaniachia na galani ya akiba kwenye buti. Macho yake yalikuwa na machozi, nami nikadhani mtu mwenye uchungu wa kuacha mali yake huongea mengi.

Maji nilitazama. Mafuta ya injini nilitazama. Kikopo kile sikukigusa. Yale mafuta mekundu ya akiba niliyapaka bawaba za milango ya nyumba yangu, na kusema kweli milango yangu hailii hata leo.

Gari ndilo lililoanza kulia. Likikata kona lilitoa sauti nyembamba, kama mbwa aliyefungiwa nje. Nikaweka redio.

Na kila Jumapili nilikwenda Amukura kumwomba mke wangu. Nilipokewa kama mtu mkubwa. Ojakol alinielekeza kuegesha mahali pamoja tu, kando ya ghala, palipotandikwa majani makavu. Nikaambiwa hapo ndipo mahali pa heshima. Nilizunguka ua mzima kwa kidole, nikaegesha juu ya heshima yangu, nikala kuku, kisha nikaambiwa magoti ya mama bado, nije Jumapili nyingine.

Basi Jumamosi tukaondoka. Kona ya kwanza gari likalia, nikaongeza sauti ya redio. Ojakol akapenyeza kichwa kwenye shuka, akasikiliza, akakitoa.

"Mama anauliza kama gari iko mgonjwa."

Nikamwambia amjibu kwamba gari la Mjerumani haliugui. Ojakol akapeleka jibu.

Kuna mteremko, halafu kona kali, halafu shamba la mihogo. Nilipofika kwenye kona kidole kikasukuma na usukani haukusogea. Nikaongeza kidole kingine, kisha mkono, kisha mikono yote miwili, na mwisho mguu ndio ukakumbuka breki. Barabara ilikata kona bila sisi. Benzi likaenda moja kwa moja kwa adabu, likaegemeza pua kwenye tuta la mihogo, likazimika.

Hakuna aliyeumia. Nyuma ya shuka kitu kama kopo kiligonga sakafu, na sauti ikasema neno moja la Kiteso ambalo Ojakol alikataa kunitafsiria.

Nilifungua boneti. Nikakumbuka uso wa yule mzee wa Tororo na kila neno lake, kama mtu anavyokumbuka mahubiri akiwa tayari polisi. Nikafungua nati ya masikio, nikaingiza kidole, kile kile chenye sifa. Kikatoka kikavu.

Ojakol alisimama kando akanitazama. Yeye ni mtu wa kusema jambo lililo wazi.

"Si ushike na mikono mbili twende pole pole? Lori zote zinaenda hivyo."

Nikamweleza habari ya mashine kujitafuna. Huo ulikuwa ukweli, ila haukuwa ukweli wote. Ukweli wote ni kwamba Jumamosi forodhani watu wamejaa, na sikuwa tayari kuingia Malaba nikipigana na usukani, jasho kifuani, mbele ya watu walionipa jina. Nikasema tunahitaji mafuta mekundu, na bila hayo sisogei.

Ojakol akakunja uso. "Hiyo mafuta nyekundu? Kwani ni ya gari?"

Nikamuuliza alidhani ni ya nani.

"Mama hupaka magoti."

Ilibidi nikalie bampa. Ojakol akanieleza bila hila, maana alidhani najua. Jumapili moja, zamani, mama aliona doa jekundu pale nilipoegesha. Akaligusa, likateleza vizuri. Akapaka goti, maumivu yakalala. Tangu siku hiyo wakachimba shimo dogo kando ya ghala, wakaweka karai, wakafunika kwa majani makavu. Mimi nilikula kuku ndani na gari langu likamkamulia mama mkwe dawa nje. Wanawake wa jirani walikuwa wanakuja na vichupa.

Wazee wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi mwenye gari sikuinama hata siku moja. Aliyeinama ni mwanamke mwenye magoti mabovu.

Nikauliza yako wapi mafuta yenyewe. Ojakol akaashiria shuka kwa kidevu. Mama alikuwa amebeba kopo zima kwenye kikapu, ampelekee binti yake akande mgongo baada ya uzazi. Kati yangu na safari yangu, kati yangu na mke wangu, palikuwa na shuka tu. Nikamtuma Ojakol aombe.

Alikaa na kichwa ndani ya shuka muda mrefu.

"Mama anasema, gari ina mwenyewe na magoti ina mwenyewe."

Nikamwambia arudie ombi kwa upole. Akarudia. Jibu halikubadilika, ila safari hii lilikuwa fupi zaidi.

Lori la pamba likapita likielekea Malaba, na Ojakol akasema atadandia, atafute mafuta kwenye duka la vipuri, arudi mara moja. Nilimjua Ojakol. Kabla ya kufika duka la vipuri kuna nyumba ya ajono, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, na mtu akishika mrija haulizi saa. Lakini sikuwa na mdomo mwingine. Nikamwona akiondoka juu ya magunia ya pamba, akipunga mkono.

Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Nimebaki peke yangu barabarani na mama mkwe, na aliyekuwa katikati yetu ameondoka. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu mwenyewe ndiye tuliyekuwa tunakwenda kumwona.

Nilikaa kitini nikatazama mihogo. Jua likapanda juu ya bati la gari. Nikawaza kama nitoke nisimame mbali, lakini je, mtu akija amkute mwanamke mzima ameachwa ndani ya gari kama mzigo usiolipiwa ushuru?

"We gari."

Kidogo nijibu.

"We gari," sauti ikasema tena nyuma ya shuka, nzito na isiyo na haraka. "Mimi nasema na wewe, si na mtu. Kama mtu anasikia, masikio ni yake."

Nikaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Nikafikiri. Desturi inanikataza kusema na mama mkwe, haijanikataza kusema na Benzi.

"Gari," nikasema, "mwenye magoti aniwie radhi. Nakuomba mafuta yako tu, umfikishe kwa mjukuu."

"Gari, ulinipatia dawa," sauti ikasema. "Magoti yangu ilipona zamani. Kabla watu kupanda, mimi nilikuwa nachota maji kisimani. Lakini nilinyamaza. Nilisema, nikipona Apolot ataenda, gari haitakuja tena, na magoti itarudi."

Damu ikanipanda. Nikaliambia gari kwamba kuna mtu anakula ugali wa mabonge miezi yote hii, analala na redio, na kumbe sababu ni matone ya mafuta. Nikaliambia nina ahadi ya Mzee Ikapel.

"Gari, kwa ile boma mzee hutoa ahadi," sauti ikasema. "Mimi ndiye hutoa Apolot."

Kwa hilo sikuwa na ubishi. Hata kwetu Mundika ni hivyo.

"Na mafuta ilikuwa mwanzo tu," akaendelea. "Unakumbuka ile Jumapili ya mvua? Ulikuwa mgonjwa huko Malaba. Hukukuja. Na mwenye yako hakukuja."

Nilikumbuka. Betri ilikuwa imekufa. Nilituma salamu na mtu wa baiskeli kwamba gari limekataa, nikajifunika blanketi.

"Apolot alivaa ile nguo yake ya maua. Alikaa kando ya barabara mpaka ng'ombe ikarudi. Gari nyingi ilipita. Watu wa miguu walipita pia, wengi, wametoka Malaba hiyo hiyo. Usiku nikauliza baba yake: huyu ni mtu anakuja na gari, ama ni gari inakuja na mtu?"

Wasomaji wangu mmeniona nikitapeliwa, mmeniona nikilazwa mahabusu kwa kosa la jina linalofanana na langu, na sijawahi kuwaambia kwamba niliumia. Pale niliumia. Nilimwona Apolot kando ya barabara na nguo yake ya maua, akihesabu watu wenye miguu.

Chini ya shuka kitu kikasukumwa mbele mpaka kikagusa kisigino changu. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia. Nikafungua. Ndani mlikuwa na mafuta mekundu hadi karibu na ukingo, yamechujwa kwa kitambaa, safi kuliko siku yalipotoka kiwandani.

"Gari, hiyo ni yako. Ukikunywa, utatufikisha Malaba, na utavuja tena, na mimi nitaweka karai tena, na Apolot atakaa. Ama mwenye yako aache kopo, aache gari, arudi Amukura na miguu. Mimi nitafuata nyuma. Mjukuu hakimbii. Mwenye yako akifika kwa mlango yangu na vumbi kwa viatu, achukue bibi yake leo leo. Lakini asigeuke. Akigeuka kutazama wewe, gari, ameniona mimi."

Na mtu aliyemwona mama mkwe haingii tena ua ule mpaka wazee wakutane na mambo yasafishwe. Mzee Ikapel hajawahi kuharakisha mkutano.

Nilishika kopo nikatoka. Nilikwenda mbele ya gari nikasimama juu ya kikopo kilichokauka. Nikuambieni pia kwamba mpakani hapa, siku hizi ambazo ng'ambo ya Uganda vitu vimekuwa adimu, gari likiachwa peke yake mchana jioni si gari tena. Matairi huvuka mto bila pasi. Nilijua nikiondoka, Benzi nitalisimulia tu.

Nikainamisha kopo. Tone moja likaanguka ndani.

Kisha nikaliona tena vazi lile la maua. Nikalisimamisha kopo, nikaliweka juu ya injini, nikafunga vifungo vya koti, nikaelekea Amukura bila kuaga.

Nyuma mlango ukafunguka. Nikasikia patipati zake, ndala za mpira, zikipiga kisigino, pa, pa, pa, kwa mwendo wa msichana anayekwenda sokoni. Magoti yale yalikuwa mazima kuliko yangu.

Tulipanda mteremko hivyo, mimi mbele, yeye nyuma. Viatu vyangu vyeusi, vile anavyovisifu, vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo alinyanyuka, akanitambua, akauliza kwa sauti kama leo Kidole Kimoja anatumia vidole vya miguu. Nikampungia. Ajabu ni kwamba nilikuwa na furaha. Nilianza kupanga maneno nitakayomwambia Apolot, na la kwanza lilikuwa kumwomba radhi kwa Jumapili ya mvua.

Ndipo nikagundua kwamba sisikii patipati.

Nikasimama. Nikatega sikio. Kwa mbali, chini ya mteremko, boneti ilifungwa. Kisha mlango wa Benzi, ule mlango mzito nisioweza kuukosea hata usingizini. Kisha injini ikawaka, maana ufunguo niliuacha pale pale.

Nikasikia likirudi nyuma, likitoka kwenye tuta, likigeuzwa barabarani. Nikangojea kile kilio chake cha kila kona.

Halikulia. Kuna mtu alikuwa amelinywesha lile kopo, na mtu huyo anajua kuendesha.

Sasa linapanda mteremko kuja kwangu, laini kama siku lilipotoka Tororo. Mke wangu yuko mbele. Nyuma yangu, sijui ni mwizi, sijui ni Ojakol, sijui ni mwenye magoti mwenyewe. Nami nimesimama katikati ya barabara ya Amukura, shingo imekakamaa, na sina ruhusa ya kugeuka.